Msitu wa Ng'ambo ya Bahari

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Bungulu, mjini Beni, nyuma ya nyumba, chini ya mabati yanayovuja kwenye pembe moja. Nimetengeneza milango, vitanda na madawati ya shule, na katika miaka mibaya nimetengeneza majeneza mengi kuliko vitanda. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningepanda mashua ya tanga na kuvuka bahari. Maji makubwa niliyoyajua ni mto Semuliki, nao nilikuwa nauvukia darajani, nikiwa nimefumba macho.

Ilianza na mbao. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa wa Butembo, hupeleka mbao za mvule Mombasa, kupitia Kasindi na Uganda. Mara moja mnunuzi wake wa kule alitaka mtu wa kuzipiga randa na kuzipanga kabla hajaziuza. Shemeji akanifikiria mimi.

"Huku kazi imelala," akaniambia. "Kuja tuende. Utatumika kidogo, kisha utarudi kwa batoto."

Mke wangu alikubali haraka kuliko mimi. Kwake yeye, Mombasa ilikuwa mbali, lakini kulikuwa salama, na wakati ule kwetu usalama ndicho kitu tulichokitaka kuliko vyote.

Ghala la yule mnunuzi lilikuwa karibu na mahali wanapokarabati mashua. Asubuhi moja walikuja wazee wawili, mke na mume, Wabelgiji, wakitafuta mbao ngumu za kutengeneza upya sakafu na makabati ya mashua yao. Walihangaika kwa Kiingereza na mafundi wa pale hadi pande zote mbili zikachoka. Nikamsikia yule mama akimwambia mume wake kwa Kifaransa kwamba hapa hakuna mtu atakayeelewa anachotaka.

"Mimi nimekuelewa, Madame," nikajibu kwa Kifaransa, nikiwa nyuma ya rundo la mbao.

Waligeuka wote wawili. Siku ile ile nikaanza kazi ndani ya mashua yao.

Mashua ilikuwa ndogo. Ndani mlikuwa na vitanda vyembamba, jiko lenye mioto miwili, na meza inayokunjwa ukutani. Hapakuwa na ukuta hata mmoja ulionyooka. Kila kitu kilipinda kufuata tumbo la chombo, na kila ubao nilioukata ilibidi niujaribu, niutoe, niurudishe tena kwenye randa. Niliipenda kazi ile. Wale wazee walikuwa wakiishi humo tangu walipostaafu ualimu. Nahodha alikuwa mama, si mzee. Mzee alikuwa mpishi, na pia alikuwa amepasuliwa bega, kwa hiyo hakuweza tena kuvuta kamba. Ndiyo sababu, kazi ilipokwisha, Madame aliniuliza kama ningekubali kusafiri nao hadi Komoro, kwenye kisiwa kile kidogo kuliko vingine. Wangenilipa, na wangenirudisha kwa ndege.

Nikampigia mke wangu simu.

"Mama wa batoto, kuko bazungu banataka niende nabo mu bahari."

"Mu bahari kufanya nini?"

"Kuvuta kamba. Mpaka ku kisiwa moja. Kisha nitarudi na ndege."

Akafukuza kwanza watoto waliokuwa wakisikiliza. Kisha akasema, "Wewe? Wewe mwenye kufunga macho ku daraja ya Semuliki?"

"Ni mimi."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Na ule mama, anajua?"

"Anajua sana."

"Donc, ukaanguka, ashuke akutoshe mu maji. Umuulize mbele ya kuenda."

Nikamuuliza. Madame alicheka hadi akashika mlingoti. Kisha akaniletea mkanda wa kufunga kifuani, wenye kamba na ndoano, akasema sitaanguka kwa sababu nitakuwa nimefungwa kama mbuzi. Mke wangu aliposikia habari ya mbuzi akaridhika.

Siku za kwanza sikuwa mtu. Nililala sakafuni, juu ya mbao nilizozipigilia mwenyewe, ndoo ikiwa karibu na kichwa. Mzee aliniletea chai ya tangawizi, nami niliirudisha yote ndani ya ndoo. Nilijiuliza ni nani aliyenituma. Nilikuwa nimeacha mke, watoto na kazi ili nije kufia mahali ambapo hata kaburi haliwezekani.

Aliyeniponya ni Madame. Alinitoa nje kwa nguvu, akanikalisha nyuma, akanishikisha usukani.

"Tazama mbali," akasema. "Pale mbingu inapogusa maji. Usitazame karibu."

Nilitazama. Mimi ni mtu wa milimani. Tangu utoto, macho yangu yamezoea kupata kilima cha kupumzikia. Ukiwa Butembo, kila upande kuna mlima, na juu ya mlima kuna nyumba ya mtu, na mbele ya nyumba kuna nguo zilizoanikwa. Pale baharini macho yalikwenda, yakaendelea kwenda, na hayakufika popote. Nilihisi nitaanguka mbele. Lakini mikono ilikuwa na kazi, na taratibu tumbo likatulia. Jioni ile nilikula wali na maharage, na Mzee akapiga makofi kama mtu aliyeona mtoto akisimama kwa mara ya kwanza.

Kisha upepo ukakata. Hilo sikulitazamia. Niliogopa dhoruba tu. Hakuna aliyeniambia kwamba bahari inaweza pia kukaa kimya. Matanga yaling'inia kama mashuka yaliyolowa. Madame hakutaka kumaliza mafuta ya injini, kwa hiyo tukangoja. Tukala, tukalala, tukacheza karata. Mzee akaniuliza habari za kwetu, nikamweleza kuhusu kakao, vanila na shule za masista. Sikumweleza mengine.

Upepo uliporudi, ulirudi kwa hasira. Ilikuwa mchana. Wingu jeusi lilitoka nyuma yetu, na kabla sijaelewa kitu, mashua ilikuwa imelala ubavu. Madame alipiga kelele niteremshe tanga kubwa. Nilitambaa kwa magoti, mkanda umenifunga, nikavuta kamba hadi ngozi ya viganja ikatoka. Tanga liligoma, kisha likaporomoka lote juu yangu. Ndani ya lile tanga, gizani, nilisali Salamu Maria kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti kubwa, tena na tena, nikidhani ndiyo ya mwisho kila mara.

Mvua ilipopita, Madame alinifunua. Nywele zake zilikuwa zimemshika usoni.

"Sala ile ni ndefu sana," akasema.

"Inategemea upepo, Madame."

Tulicheka wote watatu, tumelowa, tukitetemeka. Tangu hapo aliacha kuniita fundi, akaniita rafiki.

Kisiwa kilitufikia puani kwanza. Tulikuwa hatujaona kitu, lakini alfajiri ilileta harufu ya maua mazito, kama manukato ya bibi harusi. Madame alisema ni langilangi, maua yanayokamuliwa mafuta. Chini ya harufu ile mimi nilisikia nyingine niliyoijua zaidi: udongo uliolowa, moshi wa kuni, majani yanayooza. Ilikuwa harufu ya barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni mvua inapokatika. Kisha jua likapanda, na mbele yetu ukasimama mlima wa kijani hadi juu, ukiwa na wingu kichwani. Macho yangu yakapata pa kukaa. Sikuona aibu kulia, na wale wazee hawakunitazama.

Tulipomaliza mambo ya hati bandarini, tulizunguka pwani na kutia nanga mbele ya kijiji kimoja. Nilipokanyaga mchanga nchi yote iliyumba, nikapiga magoti. Wanawake waliokuwa wakiosha samaki wakacheka. Mmoja wao, wa umri wangu, akaniuliza kitu kwa lugha ya pale. Maneno mengine nilikaribia kuyashika, mengine yalinipita. Nikajibu kwa Kiswahili chetu.

"Mama, mimi hapana kuwa mugonjwa. Ni miguu njo imesahau namna ya kutembea."

Akatua kisu chake. Kumbe utotoni alikuwa amelelewa na shangazi yake Unguja.

"Kiswahili hicho umekiokota wapi, kaka?"

"Kwetu. Kongo, ku milima."

"Basi huko milimani mmekipika vingine," akasema, na wenzake wakataka awatafsirie. "Tena usiniite mama. Mimi dada yako."

Tangu siku ile alikuwa dada yangu kweli. Ndiye aliyetuuzia mashelisheli na ndizi, na ndiye aliyesikia kwamba Madame na Mzee wanataka kuona maporomoko ya maji yaliyo juu mlimani. Shamba lake lilikuwa njia hiyo hiyo. Akasema kesho yake atatupeleka.

Tulianza safari jua lingali changa. Tulipita minazi, migomba, na mitaro ya maji safi. Nilitembea kwa furaha, kwa maana kupanda mlima ni kazi ninayoijua. Kisha njia ikaingia msituni, nami nikasimama.

Sikuamua kusimama. Miguu ilikataa yenyewe.

Lazima nieleze. Familia yetu ilikuwa na shamba upande wa Eringeti, la kakao na vanila, ambalo baba yangu alilifungua kwa panga lake kabla sijazaliwa. Nilikulia chini ya miti ile. Kisha ukaja wakati ambapo watu waliokwenda shambani asubuhi hawakurudi jioni. Kwanza ilikuwa watu wa mbali, halafu majirani. Siku waliyoletwa majirani wa ng'ambo ya kijito chetu, wamefunikwa shuka, mama yangu alifunga godoro, akachukua mbuzi mmoja, tukashuka Beni pamoja na wengine wote. Hatukurudi. Baadaye mama alihamia Butembo kwa dada yangu, na mimi nikabaki Bungulu na randa yangu. Tangu wakati ule sikuwa nimeingia chini ya miti mingi. Mbao nilizipokea zikiwa zimeshapasuliwa. Miti yenyewe, ikiwa imesimama pamoja, niliitazama kama mtu anavyotazama nyumba iliyofiwa.

Madame na Mzee walikuwa wameshatangulia. Yule dada akageuka.

"Kaka, umechoka?"

"Hapana. Huko ndani kuko nani?"

"Nani?" Akatazama msituni, akanitazama mimi. "Hakuna mtu. Wako popo. Na babu yangu, kaburi lake liko huko juu."

"Hakuna batu ba bunduki?"

Hakucheka. Aliweka kikapu chake chini, akarudi hadi nilipokuwa, akasimama karibu yangu kana kwamba tunangoja kitu pamoja.

"Hapa bunduki anazo polisi, mjini," akasema. "Na sijui kama zinalia. Kwenu zinalia?"

"Zinalia."

"Basi tutakwenda hivi. Mimi nitatangulia, na nitasema njia nzima. Ukisikia sauti yangu, weka mguu."

Akaokota kikapu, akaingia, akaanza kusema. Alisema juu ya mumewe mvivu, juu ya bei ya mchele, juu ya mama mkwe ambaye hali chakula chake mpaka akionje mara tatu, juu ya harusi ya jirani iliyokula ng'ombe wangapi sijui. Nami niliweka mguu, nikaweka mwingine. Mgongo ulikuwa umelowa jasho. Kila tawi lilipovunjika nilisimama, naye, bila kugeuka, aliongeza sauti. Sijui tulitembea muda gani. Ninachojua ni kwamba, katikati ya habari za mama mkwe, niligundua kuwa mkono wangu uko juu ya gome la mti. Nilikuwa nimeugusa bila kufikiri, kama zamani, kupima unene wake. Nikatazama juu. Popo wakubwa weusi, wenye mabawa kama miavuli, walikuwa wakizunguka juu ya vilele mchana kweupe, bila haraka. Nilisimama kuwatazama, na safari hii nilisimama kwa kutaka.

Shamba lake lilitokea ghafla, mahali pa mwanga. Ilikuwa vanila, imepandishwa kwenye vijiti hai kama vyetu, na ilikuwa imetoa maua. Anayelima vanila anajua kwamba ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na kwamba lazima mkono wa mtu ulichavushe, moja moja, kwa mwiba. Yule dada alitoa miba ya mlimau kwenye kitambaa, akaanza. Nikanyoosha mkono, naye akanipa mwiba mmoja, akitaka kuona nitaufanyia nini.

Nilikuwa sijaifanya kazi ile tangu Eringeti. Lakini vidole havikuuliza ni lini. Unachana, unainua kile kingozi chembamba, unabana kwa kidole gumba, unakwenda kwenye ua linalofuata. Tulifanya hivyo, kila mmoja kwenye mstari wake, hadi maua yakaanza kunyauka kwa joto. Madame na Mzee, waliokuwa wamefuata njia hadi juu, walirudi kutoka kwenye maporomoko wakiwa wamelowa, wakatukuta tunabishana kwa Viswahili viwili kama ni vizuri kuinamisha mmea kabla ya msimu.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza yule dada.

"Mama yangu."

"Bado anafanya?"

"Hapana. Eko mu muji sasa. Anakaa mu nyumba."

Akanitazama kidogo, akakunja kitambaa chake. "Mwambie kuna mtu huku anamsalimia," akasema.

Kesho yake niliwaambia wale wazee kwamba natoka kutembea. Nilikwenda hadi pale njia inapoingia msituni. Moyo ulipiga, siwezi kusema haukupiga. Nikangoja kidogo, nikaingia peke yangu.

Nilikaa mle siku nzima. Nilifuata kijito, nikapanda jabali, nikala mapera ya porini. Nilipotea, nikajua nimepotea, na sikuwa na wasiwasi, kwa sababu kwenye kisiwa ukishuka tu utafika baharini. Nilishuka nikatokea upande mwingine kabisa, kwenye ufuo usio na nyumba. Mchangani palikuwa na alama pana, kama za matairi ya trakta, zikitoka majini na kupanda hadi kwenye majani. Nilishangaa ni mwendawazimu gani aliyeendesha trakta baharini. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza wavu alinieleza kwa Kifaransa kwamba ni kasa aliyekuja kutaga mayai. Alinichekea sana, kisha akanionyesha njia ya pwani ya kurudi.

Madame alikuwa amesimama ufukoni, mikono kiunoni.

"Tulidhani umepotea!"

"Nilipotea, Madame," nikasema. Nadhani sauti yangu ilikuwa ya furaha mno, kwa maana alishusha mikono akaanza kucheka.

Nilikaa nao mpaka bega la Mzee likapata nguvu kidogo na wakapata kijana wa pale wa kuvuta kamba. Nikarudi kwa ndege hadi Nairobi, kisha kwa basi, nikavuka mpaka wa Kasindi nikiwa na mfuko wa karafuu na uso mweusi kwa jua. Nyumbani Bungulu watoto walitaka habari za nyangumi, ambaye sikumwona. Mke wangu alitazama viganja vyangu, akavigeuza, akavifunga ndani ya vyake.

"Ulilia ku bahari?" akauliza.

"Nililia."

"Vizuri. Mimi pia nililia hapa."

Juma lililofuata nilipanda Butembo kumsalimia mama. Nilimkuta ameketi kwenye ua wa dada yangu, akichambua maharage. Nilimweleza yote: dhoruba, tanga, harufu ya maua. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Nilipofika kwenye msitu, mikono yake ikaacha maharage.

"Uliingia mwenyewe?"

"Siku ya kwanza na ule mama. Siku ya pili, mwenyewe."

"Na hapakuwa mutu?"

"Hapakuwa mutu, mama. Na ule mama mwenye shamba anakusalimia. Anafanya vanila kama vile wewe ulitufundisha."

"Wasingya," akashukuru kwa Kinande, kana kwamba yule dada yuko mbele yake. Akarudi kwenye maharage. Baada ya muda akasema bila kuniangalia, "Mimi sijaona muti tangu tulitoka kule. Naona tu ile ya ku barabara."

Jumapili, baada ya misa, nilimwambia tutembee. Juu ya mtaa wa dada yangu kuna kilima chenye mikaratusi ya parokia, imepandwa kwa mistari, na watoto huenda kuokota vijiti pale bila hofu. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Tulipofika kwenye miti ya kwanza akasimama, akanishika mkono kwa nguvu. Sikumwambia chochote cha kumtia moyo. Nilianza tu kusema: habari za mke wangu, bei ya misumari, mteja wangu anayetaka mlango bila kulipia bawaba. Nilisema mambo ya kipuuzi mengi kadiri nilivyoweza. Naye akaweka mguu.

Tulipofika katikati aliuachia mkono wangu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasonya.

"Hii hapana pori," akasema. "Hii ni mbao yenye kungojea kukatwa."

"Ni kweli, mama."

"Pori iko na giza. Iko na majani ya kila namna. Hii hata ndege hapana."

Hata hivyo hakutaka kurudi. Aliendelea kupanda, sasa akiwa mbele yangu, akiinama hapa na pale kufukua majani makavu kwa ncha ya mwavuli. Chini ya mkaratusi mmoja mnene aliona uyoga mweupe, akapiga magoti na kitenge chake cha kanisani, akaunusa, akaukata kwa kucha. Akaona mwingine. Akafungua kitambaa cha kichwa, akaanza kujaza.

"Kuja unisaidie," akasema. "Unasimama pale kama muzungu."

Tuliula jioni ile na ugali. Dada yangu alilalamika juu ya matope kwenye kitenge, mama akajifanya hasikii. Mimi niliteremka Beni kesho yake, kwa kuwa kulikuwa na mlango wa kumalizia. Katikati ya juma dada yangu akanipigia simu, akacheka kabla ya kusalimia. Mama hakuwa nyumbani, akasema. Alikuwa amewachukua wajane wawili wa jirani, nao ni watu waliokimbia kama sisi, wakapanda kilimani na vikapu.

"Nani anabasindikiza?" nikauliza.

"Hapana mutu," dada yangu akasema. "Bameenda benyewe."